Ameacha Soda, Sasa Kila Jioni ni Yogati ya Stroberi

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Mamboleo, Kisumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka mitatu. Miezi michache iliyopita mume wangu alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, akaambiwa kwamba kipimo chake ni 6.4 na kwamba, ingawa bado hajapata kisukari, yuko mlangoni. Alishtuka sana, akaapa kuacha soda, ambayo alikuwa akinywa chupa ya nusu lita kila jioni akitoka kazini. Kiapo hicho amekitimiza, na mimi ni shahidi wake.

Jambo linalonisumbua ni kwamba mahali pa soda sasa pamechukuliwa na yogati ya stroberi. Kila jioni hupita dukani akanunua ya nusu lita, na akishamaliza ugali wake huinywa yote, akisema kwamba anajenga mwili. Watoto nao wamezoea kubeba vikombe vya yogati ya vanila shuleni. Nilipomuuliza kama hiyo nayo haina sukari, wifi yangu alitutumia ujumbe kwenye WhatsApp unaosema kuwa serikali ya Marekani imethibitisha kwamba yogati inazuia kisukari, na mjadala ukafungwa hapo.

Mama mkwe wangu, anayeishi Ugunja, hakubaliani nao. Yeye husema kwamba yogati ya dukani ni sukari iliyotiwa rangi, na kila akija hutubebea maziwa mala ya nyumbani. Nilijaribu kununua yogati tupu, ile isiyotiwa sukari wala ladha, lakini binti yangu alionja kijiko kimoja akasema imeharibika, na baba yake akaichukua akaiongezea sukari mwenyewe. Tena kuna jirani yetu anayetengeneza yogati nyumbani na kuiuza langoni kwa bei nafuu, ikiwa imetiwa kwenye chupa za maji zilizokwisha tumika. Ni nzito na tamu, na watoto wanaipenda.

Nimekunakilia maandishi ya chupa ya mume wangu. Kwa kila gramu 100: nishati kilokalori 90, protini gramu 2.9, mafuta gramu 2.5, kabohaidreti gramu 14, na kati ya hizo sukari ni gramu 13. Viungo: maziwa, sukari, stachi iliyorekebishwa, ladha ya stroberi, rangi E122, kihifadhi E202, bakteria hai wa yogati.

Naomba uniambie ukweli. Je, yogati hii ni chakula cha afya au tumebadilisha jina tu? Ile tupu ina ubora gani wa ziada, au ni maringo ya watu wa mjini? Na je, mama mkwe ana haki?

Wako,
Mama wa Wawili, Mamboleo

JIBU

Mama wa Wawili,

Nakushukuru kwa barua yako, na hasa kwa kuinakili ile lebo, kwa maana bila hiyo ningebaki kukupa maneno ya jumla ambayo kila mtu nyumbani kwako angeyatafsiri apendavyo. Nitakujibu waziwazi tangu mwanzo: mume wako ameacha soda kweli, lakini sukari yenyewe haijaondoka mezani kwenu. Imepungua kidogo tu. Hata hivyo, yogati si adui, na sitaki umalize kusoma jibu hili ukiwa umeamua kuifukuza nyumbani, kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji kutenganishwa vipande viwili: kuna yogati, na kuna kilichoongezwa ndani ya yogati.

Yogati yoyote, iwe tupu au ya ladha, huanza kwa njia ile ile. Maziwa huchemshwa hadi nyuzi 85 hivi au zaidi, yakapozwa hadi nyuzi 43 hivi, kisha yakatiwa bakteria wa aina mbili ambao wataalamu huwaita Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Kwa muda wa saa nne hadi sita bakteria hao hula sehemu ya laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyagandisha maziwa na kuyapa ule ukali wake. Hakuna hatua yoyote katika kazi hii inayohitaji sukari ya dukani. Mpaka hapo, gramu 100 za yogati iliyotengenezwa kwa maziwa yenye mafuta yake yote huwa na kilokalori 61 hivi, protini gramu 3.5, mafuta gramu 3.3, kabohaidreti isiyofika gramu 5, na kalsiamu miligramu 120 hivi. Hiyo ndiyo yogati tupu, na ukinywa bilauri moja umepata karibu miligramu 300 za kalsiamu, ambacho ni kiasi cha maana kwa mtu yeyote, ingawa nyinyi wa Kisumu mnayo pia njia nyingine ya kuipata kupitia omena, wale dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Sasa turudi kwenye chupa ya stroberi. Lebo yako inasema sukari ni gramu 13 kwa kila gramu 100, na watu wengi hukosea hapa kwa njia mbili zinazopingana: wengine huihesabu yote kuwa sukari mbaya, na wengine hudai kwamba yote ni ya maziwa. Ukweli uko katikati. Sehemu ya gramu hizo 13 ni laktosi iliyokuja na maziwa, na tunaweza kuikadiria kwa kutazama protini. Yogati tupu ina protini gramu 3.5 hivi, na hiyo yenu ina gramu 2.9, kwa hiyo maziwa yamepunguzwa nafasi na vitu vingine, na laktosi nayo imepungua kwa kiasi hicho hicho, kutoka karibu gramu 5 hadi gramu 4 hivi. Ukitoa 4 kutoka 13 unabaki na 9. Hizo gramu 9 ndizo sukari iliyomiminwa kiwandani. Mume wako hanywi gramu 100. Hunywa nusu lita, yaani mara tano ya hapo, ambayo ni gramu 45. Kijiko kidogo cha chai hubeba gramu 4 hivi za sukari, kwa hiyo ni vijiko 11. Chukua bakuli leo jioni, uhesabu vijiko hivyo 11 mbele yake kabla hajafungua chupa, kisha mwache atazame mwenyewe. Nadhani hutahitaji kusema neno.

Soda ya nusu lita aliyoiacha ilikuwa na vijiko 13 hivi. Akipunguza kutoka 13 hadi 11 amefanya jambo, lakini si jambo alilodhani amefanya. Tena iko hesabu nyingine ambayo haimpendezi mtu: nusu lita ya yogati hiyo ina kilokalori 450, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya zile za soda, kwa kuwa ndani yake mna mafuta na protini pia. Kama angeinywa mahali pa chakula cha jioni, ningesema tuvumilie, lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba huinywa baada ya kumaliza ugali. Mtu aliyeambiwa kwamba yuko mlangoni mwa kisukari anahitaji kuangalia uzito na kiuno chake kabla ya mambo mengine mengi, na mlo wa ziada kila usiku hautamsaidia hata kama umetoka kwenye maziwa.

Ili nimtendee haki, niongeze kwamba yogati ya sukari haipandishi sukari ya damu kwa kasi kama soda, kwa sababu protini, mafuta na asidi hupunguza mwendo wa chakula tumboni. Vilevile amepata protini gramu 14 na kalsiamu, na soda haikuwa ikimpa chochote cha namna hiyo. Kwa hiyo akisema kwamba yogati ni bora kuliko soda, mkubalie. Akisema kwamba kwa sababu hiyo anaweza kuinywa nusu lita kila siku, usimkubalie.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi za matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000, kikomo ni gramu 50, na kiwango kinachopendelewa ni gramu 25. Laktosi iliyomo ndani ya maziwa haihesabiwi hapo, wala sukari ya tunda linaloliwa zima. Mume wako basi hutumia karibu kikomo chote kwa chupa moja, kabla hatujauliza chai ya asubuhi ilitiwa vijiko vingapi.

Kuhusu ule ujumbe wa wifi yako, si uongo mtupu, na hilo ndilo linaloufanya uwe mgumu kuupinga. Mnamo Machi 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaruhusu watengenezaji kuandika kwenye yogati kwamba kuila mara kwa mara, angalau vikombe viwili kwa wiki, huenda kukapunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Lakini ruhusa hiyo ilikuja na sharti kwamba lazima waeleze pia kuwa ushahidi uliopo ni mdogo. Mamlaka hiyo haikusema kwamba imethibitisha, wala haikusema kwamba yogati ni dawa, na yenyewe ilionyesha wasiwasi kuhusu yogati zenye sukari nyingi iliyoongezwa. Tazama pia kipimo kilichotajwa: vikombe viwili kwa wiki. Mume wako hupita kiasi hicho kwa siku moja hadi mbili. Mpelekee wifi yako habari hiyo kwa upole, maana nia yake ilikuwa kumsaidia kaka yake, na ujumbe wa namna hiyo huwa umepita kwenye simu za watu wengi kabla ya kumfikia yeye, kila mmoja akipunguza neno moja.

Viungo vilivyobaki kwenye lebo havistahili hofu kubwa. Stachi iliyorekebishwa hutiwa ili yogati iwe nzito bila kutumia maziwa mengi, na E202 huzuia ukungu na hamira. Lakini ona kwamba hakuna stroberi yoyote katika orodha hiyo. Kilichoandikwa ni ladha ya stroberi na rangi E122, na kwa hiyo yeyote anayeinywa akidhani anapata tunda anajidanganya. Rangi hiyo ni mojawapo ya rangi sita ambazo, kufuatia utafiti wa Southampton, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua kwamba chakula kinachozitumia kiandikwe onyo kuwa huenda kikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Ushahidi wake si wa kutisha, lakini mimi, nikiwa na nafasi ya kuchagua, simchagulii mtoto wa miaka mitatu chakula cha kila siku chenye rangi hiyo. Bakteria hai ni habari njema, na zihesabu kuwa faida ya kweli. Ukikuta yogati inayosema kwamba inaweza kukaa nje ya friji kwa miezi kadhaa, basi yaelekea ilipashwa moto tena baada ya kuganda na bakteria wake wakafa. Protini na kalsiamu hubaki, lakini msaada wa bakteria hao hupotea.

Msaada huo si hadithi, hasa huku kwetu. Watu wazima wengi wa Afrika, wakinywa maziwa mabichi au ya kuchemshwa, hupata gesi, tumbo kuunguruma au kuharisha, kwa kuwa miili yao iliacha kutengeneza kimeng'enya kinachovunja laktosi baada ya utoto. Bakteria wa yogati wanacho kimeng'enya hicho, hukileta tumboni pamoja nao, na ndiyo maana mtu asiyeelewana na maziwa aweza kula yogati kwa amani. Hapa yogati tupu na ya ladha ziko sawa, mradi bakteria wawe hai.

Nije kwa watoto, ambao wananihangaisha zaidi ya baba yao, kwa kuwa yeye ana kipimo cha kumwonya na wao hawana. Kikombe cha gramu 150 cha yogati inayotiwa sukari kwa kiwango cha hiyo ya stroberi kina zaidi ya vijiko vitatu vya sukari iliyoongezwa. Kwa msichana wa miaka saba si msiba, ikiwa siku hiyo hatapewa juisi ya pakiti, biskuti za krimu na chai yenye sukari nyingi. Lakini ukiijumlisha na hivyo vyote utaona kwamba imezidi. Singekushauri umnyang'anye kikombe chake ghafla. Mtoto aliyezoea utamu huo ataona kila kitu kingine kimeharibika, kama alivyosema binti yako, na kwa ulimi wake hakukosea, kwa maana yogati tupu ni kali kweli.

Njia inayofanya kazi ni ya polepole. Nunua ile ile ya vanila anayoipenda na chupa ya yogati tupu, kisha changanya vijiko vitatu vya vanila kwa kimoja cha tupu. Akizoea, nenda nusu kwa nusu, halafu upunguze tena, na usimtangazie. Baada ya hapo anza kuleta matunda. Ndizi iliyoiva hadi ganda kuwa na madoa meusi, ikipondwa kwa uma na kukorogwa ndani ya yogati tupu, ina utamu wa kutosha kabisa. Embe la msimu hufanya vizuri zaidi, na papai huhitaji matone ya ndimu ili lisipooze. Pasheni, kwa maoni yangu, ndiyo bora kwa harufu, ila kwa kuwa nayo ni kali, ichanganye na ndizi. Katika soko la Kibuye hamkosi hata moja kati ya haya. Kama lazima utie sukari au asali mwanzoni, tia wewe mwenyewe kijiko kimoja kidogo, kwa maana ukitia kwa mkono wako ni vigumu kufika vile vijiko vya kiwanda bila kuona aibu. Na mume wako, aliyeongeza sukari kwenye ile yogati tupu, hakufanya dhambi kubwa kama unavyodhani. Swali ni alitia vingapi.

Mama mkwe wako ana haki, kwa sehemu kubwa. Maziwa mala na yogati tupu ni ndugu wa karibu. Tofauti ni kwamba mala hugandishwa na bakteria wengine wanaopenda joto la kawaida la chumba, kwa hiyo huchukua usiku mzima au zaidi, na ukali wake ni wa namna nyingine. Kwa lishe hazitofautiani kwa jambo la kumshughulisha mtu. Mala ya dukani mara nyingi haina sukari, na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko yogati, kwa hiyo anayesema kwamba yogati tupu ni maringo ya mjini anaweza kunywa mala na kupata yale yale. Ugali na mala ni mlo kamili kwa mtu aliyeambiwa apunguze sukari, akiupunguza ule ugali na kuongeza mboga kando.

Ila nina jambo moja la kumuuliza mama, na uliulize kwa adabu anayostahili: je, maziwa huchemshwa kabla ya kugandishwa? Watu wengi huamini kwamba ule ukali huua kila kijidudu. Hauui. Vimelea vya homa ya brusela, ambayo huleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo, na ambayo wafugaji wetu huipata sana, vinaweza kuendelea kuwa hai ndani ya maziwa mabichi yaliyoganda. Kama huyachemsha kwanza, akayaacha yapoe, kisha akayagandisha, mpokee kwa mikono miwili. Kama hayachemshi, mwombe ayachemshe, na mala itaganda vilevile akitia kidogo kutoka kwa ile ya jana.

Ukitaka yogati tupu isiyokugharimu, itengeneze mwenyewe. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa kuwa watu wengi hujaribu mara moja, wakashindwa kwa sababu ndogo, wakaacha. Chukua lita moja ya maziwa, hata yale ya mashine yaliyokwisha pashwa, uyatie kwenye sufuria safi na kuyapandisha moto hadi yaanze kupanda, kisha upunguze moto na kuyaacha yakitokota taratibu kwa dakika kumi hivi huku ukikoroga. Moto huo hauui vijidudu tu. Huzibadilisha protini za maziwa ili yogati ishikane vizuri bila stachi. Yaache yapoe mpaka uweze kuweka kidole kilichooshwa na kuhesabu hadi kumi bila kukitoa. Hapo wengi hukosea. Wakiwa na haraka, hutia bakteria maziwa yakiwa moto, wakawaua. Wakichelewa, maziwa huwa baridi na bakteria wakalala. Pima vijiko vitatu vikubwa vya yogati tupu ya dukani iliyoandikwa kuwa na bakteria hai, uikoroge kwanza na maziwa kidogo ili isiwe na mabonge, kisha uirudishe kwenye sufuria.

Mimina yote ndani ya hotpoti ya kuhifadhia chapati iliyosuuzwa kwa maji moto, ufunge, uizungushie leso mbili na kuiweka pembeni pasipoguswa. Usiifungue kutazama. Baada ya saa sita hadi nane utaona uso umekuwa laini na umeshikana, na maji ya rangi ya manjano hafifu yameanza kujitenga kando; iweke kwenye friji. Ukiitaka nzito kama ile inayouzwa ghali, ichuje kwa kitambaa safi kwa saa chache ndani ya friji, na maji yatakayotoka uyapikie uji. Ikiwa haikuganda kabisa ingawa ulifuata kila hatua, wasiwasi wangu utakuwa juu ya maziwa yenyewe: ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa yanayoua bakteria wa yogati, na muuzaji anayetia kemikali ili maziwa yasiharibike huleta matokeo yayo hayo. Badilisha muuzaji.

Yogati zile zinazoandikwa kwamba zimepunguzwa mafuta hazina faida kwa watoto wako, na mara nyingine mafuta yakiondolewa sukari huongezwa ili ladha isipotee. Soma mstari wa sukari, usisome maandishi makubwa ya mbele. Na zile zenye vitamu visivyo sukari haziwezi kumfundisha mume wako kuachana na utamu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wasivitegemee katika kudhibiti uzito.

Kuhusu jirani yako, sina sababu ya kumdhania vibaya, na wengi wanaouza yogati langoni ni watu safi wanaotafuta riziki. Lakini zipo sababu mbili za kutowapa watoto yogati hiyo kwa sasa. Ya kwanza ni chupa: chupa ya maji ya plastiki haiwezi kutiwa maji yanayochemka bila kujikunja, na kwa hiyo haiwezi kusafishwa sawasawa, hasa penye shingo na kwenye nyuzi za kifuniko. Ya pili ni kwamba haina lebo, na wewe mwenyewe umesema ni tamu, basi huenda ina sukari nyingi kuliko ya dukani na hamna njia ya kujua. Muulize kama huchemsha maziwa, kama ana friji, na hutia vijiko vingapi kwa lita. Akijibu bila kukasirika, mwombe akutengenezee ya kwako bila sukari, akutilie ndani ya chombo chako cha kioo au cha chuma ulichokichemsha. Na kama anataka kuikuza biashara hiyo, mweleze kwamba Bodi ya Maziwa Kenya hutoa leseni kwa wauzaji wa maziwa na vitokanavyo na maziwa, kwamba alama ya ubora hutolewa na Shirika la Viwango la Kenya, na kwamba iko taasisi ya mafunzo ya maziwa pale Naivasha inayofundisha kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwisho, mume wako. Mpe bilauri moja ya yogati tupu au mala yenye ndizi nusu iliyopondwa, iwe sehemu ya chakula cha jioni na si nyongeza baada ya chakula, na ile ya stroberi ibaki ya siku moja moja, kikombe kidogo, bila ugomvi. Kipimo cha 6.4 cha asubuhi kiko chini ya 7.0, ambapo huanzia kisukari, na wengi wenye kipimo kama hicho hukishusha kwa kupunguza uzito kidogo, kutembea kila siku na kupunguza wanga sahanini. Baada ya miezi mitatu mrudishe kliniki, na mkiweza, muombe kipimo kinachoitwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa kuwa hicho hakidanganywi na mtu aliyejinyima kwa siku chache kabla ya kwenda kupimwa.

Mshauri wa Lishe